Kuvalisha ngoma kuukuu vinia ya mbao: maswali ninayoulizwa kila mara

Wanaoniletea ngoma hapa Kampala wengi ni wapigaji wa makanisani na walimu wa bendi za shule. Maafande wa bendi za gwaride nao huja, na siku mojamoja hufika mtu kutoka Arua au Busia na mizinga mitatu imefungwa kwa mipira nyuma ya bodaboda. Maswali yao yanafanana. Nayajibu kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tunachozungumza kwenye meza ya kazi, Mganda, Mnubi, Mkongo na Mkenya tukiwa pamoja.

Tuelewane kwanza maneno. Mzinga ni mwili wa ngoma, ule mviringo wa mbao ukishavuliwa ngozi na vyuma. Ganda ni plastiki ya rangi iliyozungushiwa mzinga kiwandani. Mdomo ni ukingo wa mzinga, pale ngozi inapokaa. Lagi ni vile vyuma vya ubavuni ambamo skrubu za kukazia ngozi huingia. Na ngozi naiita ngozi hata ikiwa ya plastiki.

Vinia ni kitu gani hasa? Si ndiyo fomaika?

Hapana. Fomaika ni karatasi na plastiki zilizoshindiliwa pamoja, na ile stika ya mbao ni picha ya mbao. Vinia ni mbao yenyewe iliyokatwa nyembamba mno. Tunayotumia kwenye ngoma ina unene wa karibu milimita 0.6. Ipo vinia tupu, na ipo iliyobandikwa karatasi nyuma ili isipasuke ikikunjwa. Anayeanza achukue yenye karatasi, haina usumbufu. Mimi napenda tupu, maana ukizidisha msasa kidogo hutakuta karatasi inachungulia.

Kwa nini nisivue plastiki tu, nikapaka vanishi mbao iliyo chini?

Ukikuta mbao nzuri chini, fanya hivyohivyo, umejiokolea nusu ya kazi. Mara nyingi hutaikuta. Tarehe 9 Februari 1964 Ringo Starr wa bendi ya Beatles alionekana kwenye televisheni ya Marekani akipiga ngoma za Ludwig zenye ganda la lulu nyeusi, na baada ya hapo kila kijana alitaka seti kama ile. Kiwanda cha Ludwig kule Chicago kilielemewa na oda, na wenzake nao vivyo hivyo. Mzinga uliokwisha kupangiwa ganda haukuchaguliwa kwa sura: nani angeuona? Ukilivua leo unakutana na mabaka ya gundi ya kahawia, viraka, na tabaka la nje lenye rangi mbilimbili. Uimara upo na sauti ipo, ila sura hakuna. Kazi ya vinia ni kuupa sura hiyo.

Nitajuaje kama ngoma zangu zinafaa kuguswa?

Natamani swali hili litangulie mengine yote. Wengi huniuliza wakiwa wameshavua ganda.

Kama ganda la kiwandani bado ni zima, hata likiwa limefifia na lina mikwaruzo, liache. Kwa wanaotafuta ngoma za zamani, seti yenye ganda lake la asili ina thamani kuliko iliyovalishwa upya, hata kama vinia imebandikwa kwa ustadi wa hali ya juu. Ngoma za vinia ni zile zilizokwisha kuumizwa: zilizopakwa rangi ya milango, ambazo ganda limepasuka na kujikunja, zilizotobolewa ovyo ili kufungiwa stendi za aina nyingine. Hizo hazina cha kupoteza.

Kisha chungulia ndani. Ludwig nyingi za mwanzo wa miaka ya 1960 zimepakwa rangi nyeupe ndani na kupigwa muhuri wa tarehe kwa wino. Ngoma za Gretsch, kiwanda kingine cha Marekani, za miaka hiyo zina rangi ya fedha ndani. Hicho ni cheti cha kuzaliwa cha ngoma. Niliwahi kuletewa besi, yaani ile ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu, ya Gretsch ambayo fundi wa kwanza aliisugua ndani kwa msasa mpaka mbao ikawa nyeupe pe, akidhani anaisafisha. Mwenyewe, kijana anayepigia kwaya, aliniuliza kama ile rangi ya fedha inaweza kurudishwa. Kupakwa itapakwa, lakini ile ya kiwandani ndiyo imekwenda. Kazi yetu yote iwe upande wa nje. Ndani futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, basi.

Afande, kama ngoma ni mali ya bendi, njoo na ruhusa ya mkuu wako kwa maandishi kabla sijafungua skrubu hata moja.

Ganda la plastiki linavuliwaje?

Kwa joto la polepole na subira nyingi. Fungua vyuma vyote kwanza, piga picha kila upande kwa simu, na weka skrubu za kila ngoma kwenye kopo lake. Tafuta mshono wa ganda, aghalabu upo karibu na beji au nyuma ya safu ya lagi. Upashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka gundi ilegee, ingiza kisu butu cha mezani chini yake, inua kidogo, pasha tena mbele, inua. Maganda mengine yamegundishwa kwenye mshono tu, ukishaufungua yanavuka kama koti. Mengine yameshika mzunguko mzima, na ukivuta kwa pupa yanaondoka na vibanzi vya mbao.

Hapa nasisitiza kwa uzito wote. Maganda ya zamani, hasa yale ya lulu, mengi yametengenezwa kwa seluloidi, aina ya plastiki ya zamani, na seluloidi inashika moto haraka na kuwaka kwa kishindo. Usitumie tochi ya gesi. Usitumie bunduki ya joto ya kuchomelea rangi. Usifanye kazi hii karibu na sigiri ambayo mama anachemshia maharage, wala usivute sigara. Vipande vilivyotoka usivitupe kwenye takataka zitakazochomwa jioni uani.

Je, naweza kubandika vinia juu ya ganda lililopo?

Usithubutu. Gundi ya mbao haishiki plastiki, na mzinga utanenepa. Mzinga wa inchi 14 hutengenezwa ukiwa umepungua milimita 2 au 3 chini ya inchi 14 kamili, ili ngozi ivae kwa uhuru. Vinia ya 0.6 inaongeza milimita 1.2 kwenye kipenyo, maana ipo pande zote mbili. Ukivua ganda ukaweka vinia umebadilishana unene karibu sawa kwa sawa. Ukiweka moja juu ya nyingine, rimu ya ngozi, ile pete inayoizunguka ukingoni, itakwama ubavuni, na ngoma ambayo ngozi yake imekwama haitashika nota hata uikaze mpaka skrubu zilie.

Wenye ngoma za Premier za Uingereza muwe macho zaidi. Zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 nyingi ni nene kidogo kuliko vipimo vya ngozi za leo. Vaa ngozi mpya kwenye mzinga mtupu kabla hujanunua chochote. Isipozunguka kwa kusukumwa na kidole kimoja, sahau vinia. Safisha mbao yake uipake mafuta.

Mzinga uandaliweje kabla ya vinia?

Hapa ndipo kazi ilipo. Kubandika huchukua mchana mmoja. Kuandaa kwaweza kuchukua wiki. Vinia ya 0.6 inafuata kila kilicho chini yake: kibonde cha ukucha, tone la gundi kavu, kovu la skrubu. Yote hayo utayaona siku utakapopaka vanishi na kuinamisha ngoma dirishani.

Anza na umbo. Pima kipenyo sehemu nne kwa futi ya chuma: mlalo, wima, na pembe mbili. Tofauti ya milimita 1 haina neno. Ikifika 3, mzinga umekaa yai, na hakuna vinia itakayounyoosha. Mara nyingi kisa ni kuhifadhiwa miaka mingi bila rimu, vitu vizito vikiwa vimewekwa juu. Mzinga wa namna hiyo nauvalisha rimu na ngozi pande zote, nikaukaza kiasi na kuuacha wima kivulini miezi miwili mitatu. Mingine hurudi. Mingine hairudi, na mwenyewe namwambia.

Kagua pia pete za ndani, zile za kuimarisha zilizopo karibu na midomo kwenye mizinga ya zamani. Zikiwa zimebanduka, ngoma hutoa mlio wa kukwaruza ambao watu hudhani ni skrubu imelegea. Ingiza gundi nyeupe ya mbao kwa bomba la sindano, bana kwa klampu zenye vipande vya ubao, uache mpaka kesho.

Halafu mdomo. Kipimo changu ni kioo kinene cha meza. Ngojea usiku, zima taa, weka mzinga juu ya kioo, kisha weka simu ndani ikiwa imewashwa tochi. Zunguka ukiinama. Mdomo ukiwa sawa, chumba kinabaki giza. Panapopita mstari wa mwanga pana bonde, na ngozi haitagusa pale. Mara ya kwanza nilipoufanyia mzinga wa tomu (ngoma ya kati isiyo na nyaya) ya inchi 13 kipimo hiki, ulivuja mwanga sehemu tatu, nami nilikuwa nimeshapoteza siku nzima nikilaumu ngozi. Mabonde madogo nayaondoa kwa karatasi nzima ya msasa namba 150 niliyoigundisha juu ya kioo chenyewe, mzinga nikiuzungusha juu yake taratibu. Pembe ya mdomo usiibadilishe. Ngoma nyingi za zamani zilikatwa midomo ya mviringo, na mviringo huo ndio chanzo cha ile sauti nzito ya joto tunayoisikia kwenye santuri za zamani. Fundi akikwambia atakukatia mdomo mkali wa kisasa, mshukuru na uondoke.

Mwisho uso wa nje: kwangua gundi ya zamani, jaza mashimo kwa puti ya mbao, piga msasa 80 kisha 120 ukitumia kibao kilichopinda kufuata mzinga. Funga macho upitishe kiganja. Kiganja huhisi ambacho jicho halioni.

Nitumie mbao ya mti gani, na naipata wapi?

Ndeeba, hapa Kampala, ndiko kwenye mbao na plaiwudi za kila aina, na ukiuliza kwa utulivu utaelekezwa kwa wenye vinia za milango na samani. Jinja wanatengeneza plaiwudi, lakini yale matabaka ya katikati ya plaiwudi ni manene na yameviringishwa kutoka kwenye gogo kama karatasi ya choo. Kwa ngoma hayafai. Omba vinia iliyokatwa kwa kufyekwa, ambayo nyuzi zake zimenyooka. Nenda na kipimo chako cha unene. Niliwahi kuuziwa vinia kwa jina la 0.6, nikaja kuipima nyumbani ikiwa zaidi ya 1. Ilikaa vizuri kwenye besi, ikapasuka kwenye tomu ya inchi 12 kama biskuti.

Kuhusu mti: mahogani ya misitu yetu, kama ile ya Budongo, ina mikanda inayocheza na mwanga unapozunguka ngoma, na ni laini kukunja. Vinyweleo vyake ni vikubwa, kwa hiyo inataka kujazwa kabla ya laka ikiwa unataka uso wa kioo. Mvule huanza njano kisha hubadilika kuwa kahawia iliyoiva kadiri mwanga unavyoupiga. Mwambie mwenye ngoma mapema, asije akadhani umembadilishia. Vumbi la mvule linawasha pua na koo, vaa barakoa. Nazipenda zote mbili kuliko mbao ya mepo ya kuagiza kutoka nje, na siyo kwa sababu ya bei. Ngoma iliyotoka Chicago ikafika Kampala, ikapigiwa hapa ibada na harusi miaka arobaini, ina haki ya kuvaa mbao ya hapa.

Karatasi moja ya vinia inatosha seti nzima?

Ile ya futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122, inatosha ukipanga vizuri. Chukua seti iliyozoeleka ya miaka ya 1960: besi ya inchi 22 yenye kina cha 14, tomu ya 13 kwa 9, na tomu ya sakafuni ya 16 kwa 16. Mzunguko ni kipenyo mara 3.14. Besi inapata kama sentimita 176, tomu ya sakafuni 128, tomu ndogo 104. Ongeza 3 kila urefu kwa ajili ya mshono na 2 kila upana kwa ajili ya kupunguza.

Kata ukanda wa upana wa 38 kwa besi. Ukanda wa pili wa upana wa 43 unabeba tomu ya sakafuni na tomu ndogo zikifuatana: 131 na 107 ni 238, bado zinabaki 6. Umetumia upana wa 81. Zinabaki 41 kwa urefu mzima, zinazotosha sneya (ile ngoma fupi yenye nyaya chini) na kosa moja. Vipande hivyo vyote vikitoka kwenye karatasi moja, rangi na mistari inafanana seti nzima. Lakini usikate kwa hesabu yangu: zungusha futi ya fundi cherehani kwenye kila mzinga, ukate kwa kipimo chake.

Nyuzi za mbao zielekee wapi, kuzunguka ngoma au kusimama wima?

Mafundi tunabishana hapa. Vinia hukunjika kirahisi nyuzi zikisimama wima, kwa hiyo wanaoanza huvutiwa na njia hiyo. Mimi nazilaza zizunguke ngoma. Mbao hupanuka na kusinyaa kukatiza nyuzi, si kwa urefu wake. Sisi tuna mvua za Machi hadi Mei na tena za Septemba hadi Novemba, na katikati kuna jua la kukausha mihogo. Nyuzi zikiwa wima, kusinyaa kote kunakwenda kwenye mzunguko, na mshono ndio unaofunguka. Zikizunguka, mbao inasinyaa kuelekea midomoni, ambako rimu zinafunika. Mzinga mmoja niliuvalisha wima Mei. Kufika Februari mshono ulikuwa umeachia upana wa uzi wa kushonea.

Gundi ipi?

Zipo njia mbili.

Ya kwanza ni gundi ya kugusa, ile ya manjano wanayotumia mafundi viatu. Unapaka mzinga na vinia, unangoja mpaka kidole kikigusa kisinate, kisha unakutanisha. Zikigusana hakuna kusogeza, kwa hiyo watu hutenganisha kwa vijiti wakivitoa kimoja kimoja. Kwa vinia yenye karatasi ni njia nzuri na ya haraka. Kwa vinia tupu siishauri, maana thina ya laka hupenya mbao nyembamba, ikalegeza gundi, na mapovu yakaota. Mvuke wake ni mbaya kwa kichwa na unashika moto, fanyia nje.

Ya pili ndiyo yangu: gundi nyeupe ya mbao na pasi. Paka mzinga na mgongo wa vinia, tabaka jembamba lililosambaa sawasawa, na kingo upake mara mbili. Acha ikauke mpaka weupe uishe na mkono usinate, saa moja hivi kukiwa na jua. Zungusha vinia ikiwa kavu, ishikilie kwa tepu ya karatasi, kisha pitisha pasi ya moto wa kati juu ya karatasi ya kuokea keki. Gundi inayeyuka upya na kushika. Nyuma ya pasi fuatisha kibao laini, ukisugua kwa nguvu hadi pale papoe. Kinachoshikisha ni kule kupoa chini ya mgandamizo. Gonga kwa ukucha kila mahali. Palipo na sauti ya uwazi, rudia. Maliza siku hiyohiyo, kwa sababu gundi ikilala sana haiyeyuki vizuri.

Na umeme ukikatika katikati? Kwangu ulikatika nikiwa nusu ya besi. Nilisimama, nikafunga mzinga kwa vipande vya tairi la ndani la baiskeli ili vinia isivute unyevu na kujikunja, nikaendelea jioni uliporudi. Haikudhurika. Pasi ya mkaa sipendekezi: joto lake huwezi kulipima, na jivu moja likianguka juu ya mbao nyeupe huacha doa.

Mshono naufichaje?

Uweke nyuma ya safu ya lagi, mbali na mshono wa mzinga wenyewe. Ukitumia pasi, acha sentimita 5 kila ncha bila kuzipiga pasi, zilaze moja juu ya nyingine, ingiza kipande cha plastiki ngumu chini, weka rula ya chuma, na kata zote mbili kwa mkato mmoja wa wembe mpya. Ondoa vipande viwili vilivyokatika pamoja na ile plastiki. Ncha zitakutana kama zimezaliwa pamoja. Sasa piga pasi. Usikate mshono mwanzoni, kwa kuwa joto la pasi husinyaza vinia kidogo na ungebaki na ufa.

Matundu ya lagi yatobolewe kutoka ndani au nje?

Toboa kijitundu kutoka ndani kwa msumari mwembamba ulionolewa, kupata katikati tu. Kisha njoo nje, panua kwa tupa ya mviringo ukisukuma kuelekea ndani. Ukisukuma kutoka ndani kwenda nje unainua vinia na kuipasua kuzunguka tundu, na pasuko hilo huwa refu kuliko lagi inavyoweza kufunika. Tundu la hewa la beji usilisahau.

Kingo za juu na chini?

Punguza vinia kwa wembe mpaka ibaki imechomoza nje ya mdomo kama milimita 2, kisha malizia kwa msasa 180 kwenye kibao, ukivuta kutoka mdomoni kuelekea chini. Vinia isifike pale ngozi inapokalia. Iviringe kidogo ukingoni ili ngozi iguse mbao ya zamani peke yake.

Naweza kutumia lubugo badala ya vinia?

Unaweza, na nimefanya mara mbili. Lubugo ni gome la mti wa mutuba lililopondwa kwa nyundo za mbao mpaka likawa kitambaa. Utengenezaji wake Buganda uliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Rangi yake ya udongo mwekundu juu ya ngoma ni kitu cha kusimamisha watu. Chagua kipande chembamba kisicho na kiraka, pima unene wake kama ulivyopima vinia, kipake gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji kidogo, ukinyooshe kwa kiganja kutoka katikati. Hunywa laka sana: matabaka matatu ya kwanza utayaona yamepotea. Uliza pia wenye ngoma. Lubugo huvikwa wafu na huvaliwa kwenye sherehe za Kabaka, mfalme wa Buganda, na wapo wazee ambao hawatafurahi kuiona chini ya matoazi ya bendi ya hoteli. Mzee mmoja aliniambia hivyo kwa upole, nikaelewa.

Na ngoma zetu za kuchonga, kama za Mpambire?

Hizo usizivalishe kitu. Zimechongwa kutoka gogo moja na ngozi ya ng'ombe imevutwa kwa kamba za ngozi kuzunguka mwili wote. Vinia itazuia nini, itapamba nini? Zikipasuka, zirudishe Mpambire barabara ya Masaka kwa wanaozichonga.

Nimalizie kwa vanishi, laka au mafuta?

Kwa ngoma inayosafiri kila Jumapili, laka ya kupuliza, matabaka membamba sita au saba, msasa 320 kati ya kila mawili. Usipulize siku ya mvua: laka hunasa unyevu na kuwa na ukungu mweupe. Kwa ngoma inayokaa sehemu moja, mafuta ya kitani yaliyochemshwa yana uzuri usio na mfano, na mkwaruzo wake unarekebishika kwa kitambaa. Fulana kuukuu ya mivumba, yaani mitumba, kutoka soko la Owino ndiyo kitambaa bora kabisa. Ila ikishalowa mafuta hayo usiikunje ukaitupa pembeni. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichofumbatwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Kitandaze nje kwenye kamba kikauke, au kitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Sauti itabadilika?

Kidogo sana, kiasi ambacho hutakisikia. Mzinga una unene wa milimita 5 au zaidi, wewe umerudisha 0.6 mahali pa plastiki. Watu husema ngoma yangu imefunguka baada ya vinia. Kilichoifungua ni ule mdomo uliosawazishwa na ile pete iliyobanwa.

Mapovu yametokea mwezi mmoja baadaye. Nifanyeje?

Pasua povu kwa wembe kufuata nyuzi, ingiza tone la gundi nyeupe kwa sindano, funika kwa karatasi ya kuokea, piga pasi, gandamiza. Kama umepulizia laka, pasi iwe ya moto mdogo, na ujue utalazimika kupulizia tena sehemu ile.

Nifunge vyuma na ngozi lini?

Usifuate siku, fuata pua. Laka hukauka juu saa hiyohiyo lakini chini bado ni laini, na lagi zikikazwa mapema huzama na kuacha alama ambayo haifutiki. Ingiza kichwa ndani ya mzinga asubuhi, kabla jua halijapanda. Ukisikia harufu ya thina, rudisha kwenye rafu. Harufu ikiisha, ongeza siku tatu, kisha funga lagi kwa bisibisi ya mkono, si drili.